Maswali ya Wasomaji: Damu Inasema Nini Kuhusu Macho ya Mwenye Kisukari?

Safari hii tumezikusanya pamoja barua zinazohusu jambo moja, nalo ni uhusiano kati ya majibu ya vipimo vya damu na maradhi ya macho kwa watu wenye kisukari. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina yote tumeyaondoa. Majibu yanayotolewa hapa ni elimu ya jumla, wala hayachukui nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana akiwa na faili lako mkononi.

Mstari upi unazungumzia macho?

*Shikamoo Daktari. Huu ni mwaka wa tisa tangu nigundulike kuwa na kisukari cha aina ya pili. Nimesoma mahali kwamba kuna vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kisukari kimeanza kushambulia macho. Kliniki hunipima damu kila baada ya miezi michache, na karatasi ninayopewa ina mistari mingi: HbA1c, kreatinini, lehemu, himoglobini na mingineyo. Ni mstari upi unaozungumzia macho? Na kama upo, je, bado nina haja ya kwenda kutiwa yale matone yanayonifanya nishindwe kusoma kwa saa nzima nzima?*

Marahaba. Naanza na mwisho wa barua yako, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Haja ya kutiwa matone ipo, tena ipo hata kama mistari yote ya karatasi hiyo imesomeka vizuri. Vipimo vya damu hueleza mazingira ambayo mishipa yako imekuwa ikiishi. Havielezi mazingira hayo yameifanya nini mishipa ya retina. Jambo hilo la pili hujulikana kwa kutazama tu, na ni bahati kwamba jicho ni miongoni mwa mahali pachache mwilini ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu ikiwa kazini, bila kuchana ngozi.

Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo. Ni kiungo chenye njaa kubwa ya oksijeni, na sukari huingia humo bila kungoja ruhusa ya insulini, kwa hiyo damu inapojaa sukari, retina nayo hujaa. Miaka inavyopita, seli zinazoishikilia mishipa midogo kwa nje hufa, na kuta za mishipa hiyo hulegea na kuvimba hapa na pale. Daktari anapotazama kwa mwanga wake huona vitone vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, na baadaye chembechembe za manjano zenye kingo kali, ambazo ni mafuta na protini zilizovuja kutoka kwenye damu na kuganda. Mishipa mingine huziba kabisa. Sehemu ya retina iliyokosa damu huanza kutoa protini inayochochea mishipa mipya kuota, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi VEGF, lakini mishipa hiyo mipya ni dhaifu, huota mahali pasipostahili, na ikipasuka humwaga damu ndani ya jicho. Sehemu kubwa ya safari hii hupita bila maumivu na bila mgonjwa kupungukiwa na uwezo wa kuona, na ndiyo maana anayengoja dalili huwa amechelewa.

Sasa tuirudie karatasi yako. Mstari wenye uzito kuliko yote kwa upande wa macho ni HbA1c, ambao wengi wanaujua kwa jina la kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Sukari iliyomo kwenye damu hujibandika yenyewe kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na ikishajibandika hukaa hapo hadi chembe ife. Chembe nyekundu huishi takribani siku 120, kwa hiyo ukipima ni asilimia ngapi ya himoglobini imebandikwa sukari, unapata picha ya wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Asilimia 7 inalingana na wastani wa sukari wa kama 8.6 kwa kipimo cha milimoli, na asilimia 9 inalingana na kama 11.8. Watu wazima wengi huwekewa lengo la karibu na asilimia 7, ingawa daktari anaweza kulilegeza kwa mzee au kwa mtu anayeshukiwa na sukari mara kwa mara.

Kwamba mstari huu unahusiana na macho si dhana. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada ujulikanao kama DCCT, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza na kutangazwa mwaka 1993, uliwagawa washiriki katika makundi mawili. Kundi moja lilidhibiti sukari kwa bidii na kufikia HbA1c ya karibu asilimia 7, na jingine lilibaki karibu na asilimia 9. Kwa washiriki ambao macho yao yalikuwa mazima mwanzoni, udhibiti wa bidii ulipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa wa retina kwa asilimia 76, na kwa waliokwisha kuanza kuathirika, ulipunguza kuendelea kwake kwa asilimia 54. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo yako, uchunguzi wa Uingereza uitwao UKPDS ulionyesha kuwa kila asilimia moja inayopungua kwenye HbA1c iliendana na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo kwa pamoja.

Mistari mingine ya karatasi yako nayo ina la kusema, ila kwa sauti ya chini. Himoglobini ikiwa chini, oksijeni inayofika kwenye retina hupungua, na watu wenye upungufu wa damu wameonekana kuwa katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa mkali wa retina. Kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ni habari ya figo, ambayo nitaieleza katika barua nyingine hapa chini, na lehemu pia ina barua yake.

Ulichokisoma, nadhani, kilihusu viashiria ambavyo havimo kwenye karatasi yako. Watafiti wamepima vitu vingi katika damu ya wenye kisukari: protini ya CRP na nyinginezo zinazopanda pale mwili unapopambana na jeraha au maambukizi, homosisteini, vitamini D, asidi ya yuriki, uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe, hata hiyo VEGF yenyewe. Vingi kati ya hivyo hukutwa vimepanda au kushuka zaidi kwa wastani katika kundi la wagonjwa wa retina kuliko katika kundi la wenye macho mazima, na hapo ndipo vichwa vya habari huzaliwa. Lakini neno la kulitazama ni hilo «kwa wastani». CRP hupanda kwa jino lililooza, kwa mafua makali na kwa kidonda cha mguuni. VEGF inayofanya uharibifu ni ile iliyo ndani ya jicho, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1994 kwa kupima ute uliotolewa kwenye macho ya wagonjwa, ilhali ile inayopimwa kwenye mkono inaweza kutoka popote. Tena chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huimwaga zinapoganda ndani ya kichupa cha maabara, kwa hiyo jibu hubadilika kulingana na jinsi damu ilivyohifadhiwa.

Niruhusu nikupigie hesabu, kwa mfano tu. Tuchukulie watu 1,000 wenye kisukari, na kati yao 100 wana ugonjwa wa retina unaohitaji matibabu. Tuchukulie pia kwamba kimepatikana kipimo cha damu kinachowagundua 70 katika hao 100, na kinachowatia hofu ya bure watatu katika kila kumi ya wenye macho mazima, yaani 270 katika wale 900. Kipimo hicho kitawapa watu 340 jibu la «una tatizo», na 270 kati yao hawatakuwa nalo. Papo hapo wagonjwa 30 wa kweli watarudi nyumbani wakiambiwa kuwa wako salama. Katika jarida la utafiti kipimo cha namna hiyo kinaweza kuandikwa kwamba kina uhusiano mkubwa na ugonjwa, na mwandishi hatakuwa amesema uongo. Lakini mimi nisingekubali kiwe ndicho kinachoamua ni nani atazamwe macho na nani asitazamwe, na kwa maoni yangu pesa ya kulipia vipimo hivyo vya ziada ingefaa zaidi kulipia picha ya retina.

Kwa mwenye aina ya pili, macho hutazamwa mara tu kisukari kinapogundulika, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuwa umeishi mwilini miaka kadhaa bila kujulikana; katika UKPDS zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wapya walikuwa tayari na dalili kwenye retina. Kwa mwenye aina ya kwanza, uchunguzi wa kwanza hufanywa ndani ya miaka 5 tangu augundue. Baada ya hapo ni kila mwaka, isipokuwa daktari akikuambia vingine. Kwa kuwa umetaja miaka tisa na hukutaja mara ya mwisho kutazamwa, naomba suala hilo ulishughulikie kabla ya kipimo chochote cha damu kijacho.

Sukari imeshuka, macho yameharibika

*Ndugu Mhariri, nina malalamiko kuliko swali. Kwa miaka mingi HbA1c yangu ilikuwa asilimia 11 na zaidi. Mwaka huu nimeanza insulini, nikabadilisha mlo, nikaacha uzembe wote, na ndani ya miezi mitano nimefika asilimia 6.8. Wiki iliyopita daktari wa macho amenitazama na kuniambia kuwa retina ina hali mbaya kuliko mwaka jana. Nimefanya kila nililoambiwa. Sasa hicho kipimo kina maana gani?*

Pole sana, na malalamiko yako yana msingi, kwa sababu jambo hili hutokea kweli na wagonjwa wengi hawaambiwi mapema.

Sababu ni mbili, na zinaweza kuwa zimekukuta zote. Ya kwanza ni kwamba HbA1c ina kumbukumbu ya miezi mitatu, ilhali retina ina kumbukumbu ya miaka. Uchunguzi wa DCCT ulipokwisha, washiriki waliendelea kufuatiliwa, na HbA1c za makundi yale mawili zikakaribiana hadi kuwa karibu sawa, kwenye asilimia 8 hivi. Mtu angetarajia kwamba na macho yao yangekuwa sawa. Haikuwa hivyo: waliokuwa wamedhibiti sukari kwa bidii hapo awali waliendelea kuwa na macho bora kwa zaidi ya miaka kumi, na wale wengine waliendelea kulipa deni la zamani. Asilimia 6.8 yako inaeleza miezi yako ya hivi karibuni kwa uaminifu, lakini haiwezi kuifuta miaka ya asilimia 11.

Sababu ya pili ni kasi. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishuka ghafla, ugonjwa wa retina uliokwisha kuwapo unaweza kuzidi kwa muda. Katika DCCT hali hii ilionekana kwa asilimia 13.1 ya waliodhibiti kwa bidii, ukilinganisha na asilimia 7.6 ya kundi la pili, katika mwaka wa kwanza. Imeonekana pia kwa dawa mpya zinazoshusha sukari kwa nguvu: katika uchunguzi mmoja wa semaglutide uliotangazwa mwaka 2016, matatizo ya retina yaliwapata asilimia 3.0 ya waliotumia dawa hiyo na asilimia 1.8 ya wasiotumia, na wengi wa walioathirika walikuwa na ugonjwa wa retina tangu mwanzo. Ndiyo sababu mtu mwenye HbA1c ya juu sana anayekaribia kuanza matibabu makali hufaa atazamwe macho kwanza, kisha atazamwe tena mapema kuliko mwaka mmoja.

Nakusihi usifanye kosa moja, nalo ni kuirudisha sukari juu ili «kuyapumzisha» macho. Wale wale wa DCCT waliozidiwa mwaka wa kwanza, walipofuatiliwa hadi mwisho, kwa jumla walikuwa na hali bora kuliko ambavyo wangekuwa bila kudhibiti. Kwa sasa jambo lako liko mikononi mwa daktari wa macho: muulize kama kuna uvimbe kwenye kitovu cha retina au mishipa mipya, kwa kuwa mojawapo ya hayo ndiyo inayoamua kama utahitaji sindano za jichoni zinazozuia VEGF, au leza, au kutazamwa kwa karibu tu kila baada ya miezi michache. Muulize pia kuhusu shinikizo la damu. Si kipimo cha damu, najua, lakini katika UKPDS waliodhibitiwa shinikizo kwa ukaribu walipunguziwa kuzorota kwa retina kwa asilimia 34, na hilo halina uhusiano na sukari yao.

Mashine ya nyumbani na maabara hazielewani

*Mama yangu mzazi ana miaka 67, ana kisukari na upungufu wa damu. Miezi miwili iliyopita aliongezewa damu. Mashine tunayompimia nyumbani inaonyesha 11 hadi 13 karibu kila asubuhi, lakini HbA1c imetoka asilimia 6.1 na tumeambiwa anaendelea vizuri. Nani anasema kweli? Nauliza kwa sababu analalamika kuona ukungu.*

Mashine ya nyumbani ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. HbA1c ya asilimia 6.1 ingelingana na wastani wa sukari wa karibu 7. Mtu anayeamka na 11 hadi 13 hawezi kuwa na wastani huo, hata kama mchana mambo yanatulia. Nambari mbili zikipishana kiasi hicho, moja yao imedanganywa na kitu.

Kumbuka kwamba kipimo hiki hutegemea umri wa chembe nyekundu. Mama alipoongezewa damu alipokea chembe za watu wengine, ambazo hazikuwa zimeogelea katika sukari yake, kwa hiyo asilimia ikashuka bila yeye kupona chochote. Hali hiyo hiyo huletwa na kila kitu kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu chembe huishi wiki chache tu, na HbA1c yake haifai kutegemewa. Hata anayebeba nusu ya urithi huo bila kuugua anaweza kupata jibu lililo chini kidogo ya hali halisi. Wenye figo zilizochoka na wanaochomwa sindano za kuongeza damu wana shida hiyo pia. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume: hupandisha jibu, na mtu akianza vidonge vya chuma HbA1c yake hushuka, akadhani kisukari kimemhurumia.

Muombeni daktari afikirie kipimo cha fruktosamini, kinachopima sukari iliyojibandika kwenye protini za majimaji ya damu badala ya chembe nyekundu, na kinachoeleza wiki mbili hadi tatu zilizopita. Nacho kina udhaifu wake, hasa protini zikiwa chini kwa ajili ya ugonjwa wa figo au ini. Pelekeni pia daftari la majibu ya mashine, lenye tarehe na saa, kwa kuwa kwa mgonjwa kama mama daftari hilo lina thamani kuliko kipimo cha maabara.

Kuhusu ukungu, msingoje majibu ya damu. Unaweza kuwa ni mtoto wa jicho, unaweza kuwa ni uvimbe wa retina, unaweza kuwa ni sukari yenyewe inayocheza na lenzi. Apelekwe akatazamwe wiki hii. Na ikitokea siku akaona ghafla vitu vyeusi vinaelea kama masizi au utando wa buibui, au pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mkojo una protini, nimetumwa kwa daktari wa macho

*Daktari wa figo amekuta protini kwenye mkojo wangu, kisha badala ya kunipa dawa za figo tu, amenitaka nikapime macho. Je, amekosea karatasi?*

Hajakosea, ametenda kama inavyotakiwa. Chujio za figo na retina zote zimejengwa kwa mishipa midogo sana, na kisukari huishambulia yote kwa namna zinazofanana. Protini iitwayo albumini ikianza kuvuja kwenye mkojo, kwa kiwango cha miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, ni ishara kwamba mishipa midogo imeanza kupitisha isivyopaswa kupitisha, na daktari makini hujiuliza kama ile ya machoni nayo imeanza kuvuja.

Uhusiano huo una nguvu zaidi kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwao ni nadra kuwa na ugonjwa wa figo wa kisukari huku retina ikiwa safi kabisa, kiasi kwamba retina ikikutwa safi, daktari huanza kutafuta chanzo kingine cha protini hiyo. Kwa aina ya pili hali huchanganyika: wapo wenye figo mbovu na macho mazima. Kreatinini peke yake huchelewa kusema, kwa kuwa hupanda baada ya sehemu kubwa ya kazi ya figo kupotea, na ndiyo maana mkojo hupimwa kila mwaka hata kama kreatinini ni ya kawaida.

Je, dawa ya mafuta inalinda macho?

*Lehemu yangu ni 6.4 na trigliseridi ziko juu. Rafiki yangu anatumia fenofibrati, na anasema inatibu macho. Ni kweli au ni maneno ya mtaani?*

Kuna ukweli ndani yake, na una upande wa kustaajabisha. Katika uchunguzi mmoja wa zamani wa Marekani, watu ambao lehemu yao ya jumla ilikuwa 240 au zaidi kwa kipimo cha miligramu, yaani karibu 6.2 kwa milimoli, walikuwa na uwezekano wa takribani mara mbili wa kukutwa na zile chembechembe za manjano kwenye retina. Kwa hiyo wazo la kwamba dawa ya kupunguza mafuta ingesaidia macho lilikuwa na mantiki. Fenofibrati ilipojaribiwa kwa watu 9,795 wenye kisukari cha aina ya pili, waliohitaji leza kwa mara ya kwanza walikuwa asilimia 3.4 kwa walioitumia na asilimia 4.9 kwa wasioitumia. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2010 ulikuta retina imezidi kuharibika kwa asilimia 6.5 ya walioitumia pamoja na dawa nyingine ya lehemu, na asilimia 10.2 ya walioitumia hiyo nyingine peke yake. Australia iliidhinisha dawa hiyo kwa ajili ya ugonjwa wa retina mwaka 2013.

Cha kustaajabisha ni kwamba katika ule uchunguzi wa watu 9,795 manufaa ya macho hayakufuata kiwango cha mafuta kwenye damu: mafuta yao yalishuka kwa kiasi kidogo, lakini macho yao yakanufaika zaidi ya ilivyotarajiwa. Inaelekea dawa hufanya kazi kwa njia nyingine ndani ya retina yenyewe. Ndipo unapoona jinsi kiashiria cha damu kinavyoweza kutuonyesha mlango ulio sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Usiazime vidonge vya rafiki yako, kwa sababu dawa hii hupandisha kreatinini na haifai kwa figo zilizodhoofika sana, lakini mtajie daktari wako jina lake, hasa kama tayari una dalili za mwanzo kwenye retina.

Miwani mpya haifai tena

*Nilipimwa miwani wiki moja kabla ya kuanza dawa za kisukari. Sasa naona vibaya nikiivaa kuliko nikiivua. Nimeibiwa?*

Hukuibiwa, ulipimwa wakati mbaya. Sukari inapokuwa juu, lenzi ya jicho hunywa maji na kubadilika umbo, na nguvu ya jicho hubadilika nayo. Sukari ikishuka, lenzi hurejea polepole. Ngoja wiki kadhaa hadi sukari itulie, kisha upimwe upya. Hili ni la lenzi, si la retina, kwa hiyo kuona vizuri bila miwani hakumaanishi kwamba umeshatazamwa nyuma ya jicho.

Nina mimba ya wiki nane

*Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 12, sasa nina 29, na nina mimba ya wiki nane. HbA1c yangu ni asilimia 6.9, na muuguzi amenipongeza. Nilipimwa macho miezi kumi iliyopita, yakawa mazuri. Naweza kungoja hadi nijifungue?*

Hongera kwa mimba, na hongera kwa hiyo asilimia 6.9, ambayo si kazi ndogo. Hata hivyo usingoje. Ujauzito wenyewe unaweza kuuchochea ugonjwa wa retina, na miaka 17 uliyoishi na kisukari ni kipindi kirefu cha kutosha kuutilia maanani. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba hutazamwa macho ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kisha huendelea kufuatiliwa kadiri daktari atakavyoona, hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Anayepata kisukari cha mimba kwa mara ya kwanza hayumo katika utaratibu huu.

Jua pia kwamba HbA1c hushuka yenyewe katika ujauzito kwa kuwa chembe nyekundu huzalishwa na kubadilishwa kwa kasi zaidi, kwa hiyo majibu ya mashine yako kabla na baada ya kula yatakuwa na uzito kuliko nambari hiyo. Unapoweka miadi ya macho, mwambie mpokezi kuwa una mimba na una kisukari cha aina ya kwanza, ili usipangiwe foleni ya miezi mitatu. Nenda na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi, na uchukue kofia au miwani ya jua, kwa sababu mboni zikishatanuliwa mwanga wa nje huumiza kwa saa kadhaa.